Mambo ya Nyumbani: Wazee Wawili Katika Siku za Vuli



Mwezi uliopita ukurasa huu ulinena habari za watoto wadogo na malezi yao. Mwezi huu twataka kunena habari za watu waliokwisha kulea, ambao watoto wao wameoa na kuolewa na kwenda zao, nao wenyewe wamebaki wawili nyumbani kama siku ile walipooana. Nyumba za namna hii ni nyingi katika mitaa yetu ya kanisa, wala hazinenwi mara nyingi. Tukikutana na wazee hawa siku ya Jumapili mlangoni pa kanisa twawaamkia, "Shikamoo," nao hujibu, "Marahaba," kisha twapita. Jinsi wanavyoamka Jumatatu, nani achotaye maji, nani awashaye moto, hayo hatuulizi.

Tumechagua kuyanena sasa kwa sababu ya majira, kwa maana siku za vuli ndizo ziipimazo nyumba ya wazee. Katika nchi za Ulaya miezi ya Septemba hata Novemba ni miezi ya majani kupukutika na baridi kuanza, na wafasiri wengine huyaita majira yale vuli. Lakini vuli yetu sisi ni kitu kingine. Ni mvua fupi, inyeshayo tangu Oktoba hata Disemba katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, na katika milima ya Usambara na Kilimanjaro, na katika sehemu nyingi za Kenya. Pepo za kusi, zilizovuma tangu Aprili, hulegea. Pepo za kaskazi hazijashika bado. Na katikati ya pepo hizo mbili, jua likielekea kusini, mvua hulifuata nyuma.

Masika ni mvua ya kutumainiwa zaidi; vuli haina ahadi. Mwaka 1961 na mwaka 1997 vuli ilizidi hata mito ikafurika na barabara zikakatika. Mwaka 2005 na mwaka 2010 ilipunguka sana, na watu wengi wakaona njaa. Wataalamu wa hali ya hewa wametuonyesha sababu moja kubwa: maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko maji ya upande wa Indonesia, vuli huwa nyingi, yakiwa baridi, vuli huwa haba.

Basi kwa kijana mwenye nguvu vuli ni majira ya kupanda tena. Kwa wazee wawili ni njia yenye utelezi, ni kuni mbichi, ni paa livujalo, ni mbu, ni shamba liotalo magugu upesi kuliko mkono wa mzee uwezavyo kuyapalilia. Tarehe 1 Oktoba, mvua ikikaribia, mataifa huadhimisha Siku ya Wazee, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Siku ile hotuba nyingi hutolewa, nasi hatuzidharau. Lakini mzee haanguki siku ya hotuba. Huanguka mwezi wa Novemba, alfajiri, njiani kwenda kisimani, wakati hakuna amwonaye.

NYUMBA MOJA KATIKA NCHI YA BONDE

Twajua nyumba moja katika nchi ya Bonde, wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Majina ya wenyewe hatuyaandiki, kwa maana hawapendi kutajwa. Lakini wameturuhusu kusimulia habari zao, wakisema labda zitawafaa wengine.

Mume amepita miaka 75, na mke amepita miaka 70. Walifunga ndoa mwaka 1973, na Mungu akawapa watoto sita. Wawili amewatwaa, wanne wapo, na hao wanne wote wako mbali. Mume alikuwa mwalimu wa dini miaka mingi. Nyumba yao ni ya udongo yenye paa la bati, vyumba vitatu, na jiko la nje. Wana shamba la muhogo na mahindi, minazi michache, michungwa, na mbuzi wawili.

Vuli yao huanza kabla ya mvua. Mwezi wa Septemba, jua likiwa kali, mke hukusanya kuni kavu na kuzipanga juu ya uchaga wa jikoni, kwa maana ajua ya kuwa kuni za Novemba zitakuwa na maji, na kuni zenye maji hutoa moshi, na moshi huharibu macho na kifua. Mume naye hukagua mahindi ya masika yaliyowekwa akiba, kwa sababu ya dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na katika Tanzania alionekana kwanza miaka ya 1970. Huigeuza punje kuwa unga mtupu kabla mwenyewe hajaisaga. Wao hawaweki mahindi yao ghalani tena kwa mabua na magunzi. Huyakausha sana juani, huyapukuchua, kisha huyatia katika pipa la bati lisilopitisha hewa na kulifunga; na dumuzi aliyemo hufa kwa kukosa pumzi.

Kupukuchua ni kazi ya jioni. Hukaa barazani, mume akitoa punje kwa gumba, mke akipeta kwa ungo. Hawaongei sana. Mmoja akitaja jina la mtoto, mwenziwe hulipokea, na hivyo wote wanne hutajwa kabla ungo haujajaa.

Mvua ya kwanza ikinyesha, usiku wake kumbikumbi huruka, na mke huweka beseni la maji chini ya taa ili wamwangukie humo. Kesho yake huwakaanga kwa chumvi, na mume hucheka kama mtoto akiwaona. Asubuhi hunywa chai ya mchaichai na kula muhogo wa kuchemsha. Jioni hula bada, yaani ugali wa muhogo, pamoja na kisamvu cha nazi. Kisha husali, na kulala mapema, mvua ikilia juu ya bati. Hivyo ndivyo walivyoishi, na mtu aliyepita njiani angeweza kusema kwamba nyumba ile haina shida.

MAJI NA KITABU

Lakini nyumba ile ilikuwa na mambo mawili yaliyofichwa. La kwanza, magoti ya mke yalikuwa yamekwisha. Kwenda kisimani kwake kulikuwa kushuka bondeni na kupanda tena akiwa na ndoo ya lita 20 kichwani, nayo maji yake peke yake ni uzito wa kilo 20. Alifanya hivyo tangu alipokuwa mwari, wala hakusema neno. La pili, macho ya mume yalikuwa yameingiwa na ukungu. Kila usiku alifungua Kitabu na kusoma mbele ya mkewe, kama alivyofanya tangu walipooana. Lakini kwa muda wa miaka miwili hakuwa akisoma. Alikuwa akisema yale aliyoyajua kwa moyo. Mkewe alilitambua jambo hili, kwa sababu Kitabu kilikuwa kimefunguliwa mahali pamoja, na maneno yalikuwa ya mahali pengine. Naye akanyamaza, asimwaibishe mumewe.

Basi katika juma la kwanza la Novemba mke aliteleza njiani. Ndoo ilipasuka, na mkono wake wa kuume ukateguka. Katika zahanati walimfunga mkono, wakamwambia asichukue kitu kizito muda wa majuma sita. Binti wa jirani aliwachotea maji siku tatu. Kisha alikuwa na mitihani, hakuweza kuja. Siku ya nne mtungi ulikuwa mtupu.

Mzee alikaa barazani muda mrefu. Maishani mwake hakupata kuchota maji ya nyumba tangu alipotoka jandoni. Hakuna aliyemkataza kwa sheria. Ni desturi tu, na desturi ina nguvu. Hata jua lilipopanda akainuka, akatwaa vidumu viwili vya lita 5, na fimbo, akashuka bondeni. Alipofika, wanawake waliokuwapo walinyamaza. Kijana mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe akasema kwa sauti ya kusikiwa, "Jamani, babu amelishwa limbwata uzeeni!" Watu wakacheka. Mzee akajaza vidumu vyake, akamwambia, "Mjukuu wangu, maji haya nayanywa mimi pia." Akapanda zake. Siku ile alikwenda mara tatu, akipumzika njiani chini ya mwembe.

Usiku, walipokwisha kula, akakitwaa Kitabu kama ilivyo desturi yake. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, leo umetwaa ndoo yangu. Nipe mimi kitabu chako."

Akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mama watoto, miaka hii yote hujapata kusoma mbele yangu."

Mke akajibu, "Nawe miaka hii yote hujapata kuchota maji."

Yapasa msomaji ajue ya kuwa mama huyu hakupelekwa shule alipokuwa mtoto. Lakini mwaka 1970 ulitangazwa Tanzania kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata madarasa yalifunguliwa kila kijiji. Yeye alijifunza kusoma chini ya mwembe, jioni, pamoja na wanawake wengine waliotoka shambani. Alisoma barua za watoto, na vyeti vya kliniki, na karatasi za mbegu. Kitabu cha sala hakukisoma kwa sauti nyumbani, kwa kuwa aliona ni kazi ya mumewe. Usiku ule alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole cha mkono wa kushoto, na mumewe alisikiliza. Aliposita katika neno, mzee alimpa neno lile, kwa maana alilijua. Hivyo mmoja alikuwa na macho, na mwingine alikuwa na kumbukumbu, na sala ikamalizika vizuri.

MAFUNDISHO YA HABARI HII

Ndugu wasomaji, twaweza kuipita habari hii kama jambo dogo. Nani hajui kwamba mume na mke husaidiana? Lakini tuangalie nyumba zetu. Ni wangapi kati yetu wanaume ambao wake zao wamezeeka, nao bado wamekaa barazani wakingoja maji ya kunawa? Na ni wangapi kati ya mama zetu waliokatazwa jambo wawezalo kulifanya vizuri, wala hawakukatazwa na Mungu, ila na mazoea?

Hatusemi kwamba wazee wa kale walifanya vibaya walipogawa kazi. Waligawa kwa kadiri ya nguvu: huyu avunje pori, aezeke nyumba, alinde usiku; huyu achote, apike, apande. Mgawo ule ulikuwa mgawo wa ujana. Lakini mwili hauzeeki kwa desturi. Kwa mmoja huanza magoti, kwa mwingine macho, kwa mwingine masikio. Basi watu wawili waliobaki peke yao wakishika mgawo wa zamani, kazi moja itamwua mmoja, na mwingine atakaa bure hali anaweza kuifanya. Nyumba ya wazee yataka mgawo mpya, tena si mara moja tu. Kila mwaka, kabla ya vuli, yafaa waketi na kuulizana: Ni kazi gani imekushinda? Ni kazi gani niwezayo kuitwaa?

Na wale waonao haya, wakumbuke habari ya usiku ule wa karamu ya mwisho. Bwana alipowatuma wanafunzi wawili mjini kutafuta mahali pa kula Pasaka, aliwapa alama: watakutana na mwanamume amechukua mtungi wa maji, nao wamfuate. Wafafanuzi wengi husema kwamba alama hii ilifaa kwa sababu katika nchi ile kuchota maji kulikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume mwenye mtungi aliweza kutambulikana upesi katikati ya watu wengi. Jina la mtu yule hatukuambiwa. Labda naye alichekwa njiani. Lakini yeye ndiye aliyewaongoza wanafunzi hata kwenye chumba cha juu. Na katika chumba kile kile Bwana mwenyewe alijifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akawaosha miguu. Basi mwanamume Mkristo amchekaye mwenziwe kwa ajili ya ndoo, amesahau maji yale yalikofika.

Na waonao vigumu mama kusoma mbele ya baba, wamkumbuke Prisila, ambaye pamoja na Akila mumewe alimchukua Apolo, mtu hodari wa Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kitabu cha Matendo hakisemi kwamba Akila alifundisha na Prisila alipika tu.

SIMU YA MWANA

Habari haikuishia hapo. Mwana wao wa kwanza, akaaye Dar es Salaam, aliposikia kwamba mama ameanguka na baba anachota maji, alipiga simu kwa uchungu mwingi. Akasema, "Mnaniaibisha. Watu watasema nina kazi mjini na wazazi wangu wanateseka. Fungeni nyumba, uzeni mbuzi, mje mkae kwangu."

Maneno haya yalitoka katika upendo, wala mtoto asiyeyasema si mtoto. Lakini wazee walikaa siku kadhaa bila kujibu. Mke alisema, "Nikienda kule nitakaa chumbani. Sitakuwa na la kufanya." Mume alikumbuka makaburi ya watoto wao wawili, ambayo huyapalilia kila mwaka kabla ya Siku ya Watakatifu Wote, na yale ya wazazi wake. Kisha akamwomba mkewe amsomee habari za Barzilai katika Kitabu cha Pili cha Samweli.

Barzilai alikuwa mzee wa miaka 80, mtu wa Gileadi. Mfalme Daudi alipomkimbia Absalomu mwanawe, Barzilai ni mmoja wa waliomletea vitanda na vyombo, na ngano, na kunde, na asali, na kondoo. Vita vilipokwisha, mfalme alitaka kumlipa, akamwambia avuke naye Yordani akatunzwe Yerusalemu. Mzee alikataa kwa adabu. Alisema kwamba ulimi wake hautambui tena ladha ya chakula, wala masikio yake hayasikii vizuri sauti za waimbaji. Aliomba arudi mjini kwake, penye kaburi la baba na mama yake. Wala hakukataa wema wote: alimtoa Kimhamu aende na mfalme, atendewe mema yale. Na Daudi, ingawa ni mfalme, hakumlazimisha. Alimbusu, akambariki, na mzee akarudi kwake.

Basi mzee wetu akampigia mwanawe, akasema, "Mwanangu, tumesikia, na Mungu akubariki. Hatukatai mkono wako. Tunaomba uufikishe huku. Nyumba yako tutakuja kuitembelea. Hapa ndipo tunapokaa."

Mwana alikasirika kidogo, ndipo akafikiri. Vuli ilipokwisha na njia kukauka, aliwachukua wazazi wake mjini, akampeleka baba hospitali ya macho. Wakamkuta na mtoto wa jicho. Ugonjwa huu ndio unaopofusha watu wengi kuliko yote duniani, lakini hutibika: daktari huondoa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, na kuweka lenzi nyingine iliyotengenezwa, kazi yenyewe kwa kawaida haichukui hata saa moja, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Hakuna dawa ya kutia jichoni iwezayo kuuondoa ukungu ule, na mtu asidanganywe na wauzao majani ya kuosha macho. Wengi wamezidi kuharibika.

Jambo la pili, kabla ya vuli iliyofuata, mwana alileta fundi, akatia mifereji ya bati pembezoni mwa paa, ile mafundi waiitayo gata, na tangi la lita 1,000. Waalimu, hesabu hii yawafaa wanafunzi wenu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita ya mraba 1 hutoa lita 1 ya maji. Paa la nyumba ile ni mita 8 kwa mita 5, yaani mita za mraba 40. Basi mvua moja nzuri ya milimita 25 hutoa lita 1,000. Tukitoa robo kwa yaliyomwagika, zasalia lita 750. Hayo ni madumu zaidi ya 37 ya lita 20, ambayo hakuna aliyeyapandisha kutoka bondeni. Wazee wawili wakitumia lita 40 kwa siku, maji ya mvua ile moja huwatosha siku 18. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yamwagike, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe, mbu wasizalie humo. Na maji ya kunywa yachemshwe.

Mama yule bado hushuka kisimani mara moja moja, mikono mitupu, kuongea na wenzake. Na mzee, ambaye sasa aona vizuri, hakudai kurudishiwa Kitabu. Husoma kwa zamu, usiku huu mmoja, usiku ujao mwingine.

SHAURI KWA KILA MMOJA

Kwa wazee wenyewe: msifichane udhaifu. Mke aliyeficha magoti, na mume aliyeficha macho, walifanya hivyo kwa heshima, lakini heshima ile ilikuwa karibu kumvunja mmoja mfupa. Kabla ya mvua, panueni njia ya chooni na jikoni, mmwage mchanga mahali penye utelezi, na kamba ifungwe ya kushikilia. Tazameni chandarua, kama kina tundu lishonwe. Mzee asipande juu ya paa, hata kama alilijenga mwenyewe.

Kwa watoto walio mbali: fedha mnayotuma kwa simu ni njema, nayo hushukuriwa. Lakini fedha haipalilii. Chagueni siku moja ya Oktoba, hata kama ni mmoja wenu tu, mje kuziba bati, kupasua kuni, kulima kishamba kidogo kiwatoshao wawili. Wala msiwavute watoke kwao kwa sababu ya maneno ya watu. Ulizeni kwanza, kisha ngojeni jibu. Yapo majira ambapo wazee hawana budi kuhama: mmoja akifa na mwingine akabaki peke yake, au ugonjwa ukizidi. Hapo msikawie. Ruthu hakumwacha Naomi aende peke yake njiani. Lakini maadamu wapo wawili na wanaweza, nyumba yao ni heshima yao.

Kwa waalimu na wazee wa kanisa: Sera ya Taifa ya Wazee, iliyotolewa Tanzania mwaka 2003, yamhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60, nayo yaweka matunzo ya wazee kwanza juu ya familia. Nasi tuliobatizwa twajua kwamba familia yetu ni pana kuliko damu. Basi andikeni katika daftari la mtaa nyumba zote ambamo wazee wanakaa wawili au mmoja. Kila nyumba ipewe vijana wawili wa Kipaimara, kwa miezi mitatu ya vuli: Jumamosi moja kuni, Jumamosi nyingine palizi. Nao vijana wasiende kama wafadhili. Waende kama wajukuu, waamkie, waketi, wale wapewacho, wasikilize. Yule kijana wa kisimani, aliyecheka, ni mmoja wa waliopangwa katika nyumba ile. Na twasikia kwamba yeye ndiye aliyempeleka mzee bati la kuziba jiko.

Kwa mazungumzo ya nyumbani mwezi huu, baba na mama waulizane mbele ya watoto: Katika nyumba hii, ni kazi gani ambayo mmoja wetu anaifanya kwa maumivu, na mwingine anaitazama tu? Jibu likipatikana, lisingoje mwaka mpya.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutanena juu ya Majilio na jinsi ya kuitengeneza nyumba kwa ajili ya Krismasi bila deni. Mvua yenu na iwe ya kiasi, na njia zenu ziwe salama.

Ni mimi mwandishi wenu wa Mambo ya Nyumbani.